Kijapani Kiasi Gani Kinatosha Kufaulu Mtihani wa JLPT

Kila anayejifunza Kijapani hufika siku akajiuliza ni maneno mangapi na kanji ngapi (alama za maandishi zenye asili ya Kichina) anazopaswa kuzijua kabla ya kulipa ada ya mtihani. Swali hilo lina jibu, lakini jibu lenyewe halipatikani kwa kuhesabu maneno peke yake. Nihongo Nōryoku Shiken, mtihani wa uwezo wa Kijapani ambao duniani kote hujulikana kwa kifupi cha JLPT, haupimi wingi wa maneno uliyoyanakili daftarini. Unapima ni mangapi kati ya hayo unayoyatambua kwa jicho na kwa sikio, mara moja, huku saa ikikimbia. Mtu mwenye maneno elfu mbili yaliyoiva humpita mwenye elfu nne mbichi, na hilo ndilo jambo la kulishika tangu mwanzo wa maandalizi.

Mtihani huu ulianza mwaka 1984, na waandaaji wake ni Japan Foundation pamoja na shirika la JEES. Hadi mwaka 2009 ulikuwa na ngazi nne. Tangu mwaka 2010 una ngazi tano, kuanzia N5 iliyo ya chini kabisa hadi N1 iliyo ya juu. Hufanyika Jumapili ya kwanza ya Julai na Jumapili ya kwanza ya Desemba, ingawa miji mingi nje ya Japani huuandaa mara moja tu kwa mwaka, na kwa Nairobi mara hiyo ni Desemba. Anayeishi Afrika Mashariki, basi, akikosea kuchagua ngazi hulipia kosa hilo kwa mwaka mzima wa kungoja, na ndiyo maana kujikadiria mapema kunafaa kufanywa kwa makini.

Anza na alama, maneno yafuate

Ngazi zote tano zina jumla ya alama 180. Ili kufaulu, N5 inahitaji alama 80, N4 alama 90, N3 alama 95, N2 alama 90 na N1 alama 100. Kwa maneno mengine, hakuna ngazi inayodai hata theluthi mbili ya alama zote, na N5 inadai chini ya nusu. Wanafunzi wengi wakiona tarakimu hizo hupumua, na hapo ndipo wanapodanganyika, kwa sababu kuna sharti la pili linaloweza kumwangusha hata aliyelitimiza la kwanza.

Sharti hilo ni kwamba kila sehemu ina kiwango chake cha chini. Katika N1, N2 na N3 sehemu ni tatu, yaani maarifa ya lugha, ufahamu wa kusoma na kusikiliza, kila moja ikiwa na alama 60, na mtahiniwa lazima apate angalau 19 katika kila moja. Katika N4 na N5 maarifa ya lugha na kusoma huhesabiwa pamoja kwa alama 120, ambazo kiwango chake cha chini ni 38, na kusikiliza hubaki peke yake na alama 60 zenye kiwango cha chini cha 19. Chukua mfano wa mtahiniwa wa N3 aliyepata 55 katika maarifa ya lugha, 50 katika kusoma na 18 katika kusikiliza. Jumla yake ni 123, mbali kabisa juu ya 95, na bado ameanguka kwa alama moja ya sikio. Mtindo huu ni wa kawaida kwa sisi tunaojifunza kwa vitabu na simu katika miji ambayo Kijapani hakisikiki sokoni wala redioni, kwa maana jicho letu hutangulia na sikio letu hubaki nyuma.

Ifahamike pia kwamba alama hizo si idadi ya majibu sahihi. Hukokotolewa kwa njia ya kitakwimu inayozingatia ugumu wa maswali ya mtihani husika, ili aliyeufanya Julai asionewe wala asipendelewe kuliko aliyeufanya Desemba. Kwa sababu hiyo huwezi kuhesabu maswali uliyopata na kujua alama zako kamili. Ushauri wangu ni kulenga, unapofanya mazoezi nyumbani, theluthi mbili ya majibu sahihi katika kila sehemu, na hasa katika sehemu ile unayoipenda kidogo.

Maswali yote ni ya kuchagua jibu. Hakuna kuandika insha, hakuna mahojiano, na jibu lisilo sahihi halipunguziwi alama, kwa hiyo hakuna sababu yoyote ya kuacha swali wazi. Hili lina upande wake wa pili ambao hauna budi kusemwa: kufaulu JLPT hakuthibitishi kwamba mtu anaweza kuzungumza. Wapo wenye vyeti vya ngazi za juu ambao hubabaika wanapoagiza chai, na wapo wapiga soga hodari walioanguka N3.

Idadi za maneno na kanji, na namna ya kuzitumia

Kabla ya mabadiliko ya mwaka 2010, waandaaji walikuwa wakitoa vipimo vya wazi. Ngazi ya chini ilikadiriwa kuhitaji kanji 100, maneno 800 na saa 150 za masomo. Iliyofuata kanji 300, maneno 1,500 na saa 300. Ya tatu kanji 1,000, maneno 6,000 na saa 600. Na ya juu kanji 2,000, maneno 10,000 na saa 900. Tangu mwaka 2010 orodha rasmi hazitolewi tena, kwa hoja kwamba lengo la mtihani ni kuitumia lugha kutimiza jambo, na kukariri orodha hakuwezi kuwa lengo hilo. Orodha zote zinazouzwa au kusambazwa leo zikiwa na kichwa cha N5 au N2 ni makadirio ya walimu na wachapishaji, yaliyojengwa juu ya zile za zamani. Ni makadirio mazuri, lakini usishangae ukikutana na neno ambalo orodha yako haikulitaja.

Vipimo vya zamani bado vinafaa kwa N5, N4, N2 na N1 kwa mpangilio huohuo. N3 haikuwapo wakati ule; iliongezwa kwa sababu pengo kati ya maneno 1,500 na maneno 6,000 lilikuwa kubwa mno, na walimu wengi huikadiria kuwa na kanji zipatazo 650 na maneno yapatayo 3,700.

Sasa tuje kwenye hesabu ambayo wengi huikosea. Ikiwa alama za kufaulu ni kama nusu, je, nusu ya maneno inatosha? Haitoshi, na sababu yake ni rahisi kuiona. Sentensi yenye maneno kumi ikikuficha neno moja, maana hubaki. Ikikuficha matatu, huanza kuyumba. Ikikuficha matano, huna sentensi tena mkononi, una vipande tu. Aidha, katika swali lenye majibu manne hata asiyejua lolote hubahatisha robo, na kwa sababu alama zinazingatia ugumu wa maswali, bahati ya namna hiyo haimfikishi mtu mbali. Anayetaka nusu ya alama kwa uhakika anahitaji kuyajua maneno mengi sana ya ngazi yake, na kuyajua yote ya ngazi zilizo chini yake bila ya kusita. Mara nyingi anayeanguka N3 ameangushwa na maneno ya N4 aliyoyapitia upesi, kabla hata hajafika kwenye magumu ya N3 yenyewe.

N5 na N4: mambo machache yanayotaka kuiva

Msingi wa N5 ni herufi za silabi, yaani hiragana 46 na katakana 46, pamoja na maumbo yatokanayo nazo, zisomwe kama unavyosoma kibao cha daladala, bila ya kuunganisha herufi moja moja. Mswahili ana bahati hapa. Irabu zetu tano ndizo zao, silabi zao nyingi huishia kwa irabu kama zetu, na maneno ya kukopa yaliyoandikwa kwa katakana, kama basu, shatsu na hoteru, yanamjia kama jamaa wa basi, shati na hoteli. Ajihadhari tu na jamaa wa uongo: mimi kwa Kijapani ni sikio, nani ni nini, na kuku ni jedwali la kuzidisha.

Kinachopimwa zaidi katika N5 ni viambishi vidogo kama wa, ga, o, ni, de, to, kara na made, umbo la -te la vitenzi, wakati uliopita na ukanushi, vionyeshi, pamoja na hesabu za kila siku. Hesabu ndizo zinazokula alama za watu. Kijapani huhesabu vitu kwa namna inayofuata umbo lake, hivi kwamba penseli tatu ni sanbon, karatasi tatu ni sanmai na watu watatu ni sannin. Asiyetaka kuchoka na jambo hili alichukulie kama ngeli: hakuna kati yetu anayesema watu tatu au kitu mmoja, na hakuna aliyeketi kukariri. Tarehe nazo zina majina yake ya pekee kwa siku kumi za kwanza, kama sisi tunavyosema tarehe mosi na tarehe pili, na mtihani wa kusikiliza unapenda kuweka yokka, tarehe 4, karibu na yōka, tarehe 8.

Saa ina mtego uliotegwa, ungedhani, kwa ajili yetu sisi pekee. Kijapani huhesabu saa kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, nasi huhesabu kuanzia magharibi na alfajiri. Ichiji ni saa saba yetu, na shichiji ni saa moja yetu. Maneno mawili yanayofanana kwa sauti yamebadilishana nafasi katika saa ya Kiswahili. Mtahiniwa anayetafsiri kichwani hupotea hapo hapo. Jizoeze kusikia shichiji na kuiona tarakimu 7 moja kwa moja, bila ya kupitia Kiswahili.

N4 huongeza kanji hadi karibu 300, lakini uzito wake halisi uko katika vitenzi, na hapa Mswahili anayeijua sarufi yake ana mtaji ambao vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza havimwambii kuwa anao. Kijapani hunyambulisha vitenzi kwa viambishi tamati kama sisi. Taberu ni kula, taberareru ni kuliwa, tabesaseru ni kulisha, na tabesaserareru ni kulishwa, ingawa kulishwa kwao kuna ladha ya kulazimishwa zaidi. Yomu, kusoma, huzaa yomeru, ambayo inakaribia sana kusomeka, na ndiyo maana Wajapani husema kanji ga yomeru, yaani kanji ndiyo inayosomeka. Kuna pia kauli ya kutendwa yenye maana ya kupatwa na jambo, ambayo wanafunzi wa mataifa mengine huisumbukia kwa wiki kadhaa. Ame ni furareta ni nimenyeshewa na mvua. Chichi ni shinareta ni nimefiwa na baba. Saifu o nusumareta ni nimeibiwa pochi, kiambishi kwa kiambishi. Mwalimu akisema kwamba jambo hili ni gumu, wewe mwachie. Lugha yako ilishakufundisha.

Mtaji huo una mpaka wake. Katika Kijapani kitenzi hukaa mwisho, na maelezo ya nomino hutangulia nomino yenyewe bila ya kiungo chochote. Sisi tunasema kitabu nilichonunua jana, na ile -cho- inatushika mkono. Wao husema kinō katta hon, jana nilinunua kitabu, na msomaji lazima atambue mwenyewe kwamba maneno mawili ya kwanza ni maelezo tu ya hilo la tatu. Sentensi ikirefuka, maelezo kama hayo hupangwa moja ndani ya jingine, na anayesoma kutoka kushoto akitafsiri neno kwa neno huishiwa pumzi kabla ya kufika kwenye kitenzi. Maandishi ya N5 huacha nafasi kati ya maneno, lakini katika ngazi za juu huruma hiyo huondoka, na ni katika N3 ambapo ukosefu wa mazoezi haya hudhihirika.

N3 na kuendelea

Wengi waliofaulu N4 kwa raha huanguka N3, na kosa si la akili zao. Hadi N4 mtu anaweza kuishi kwa kitabu kimoja cha darasani. N3 humtaka awe amesoma vitu vingine: matangazo, barua pepe, hadithi fupi, maelezo ya jinsi ya kufanya jambo. Sarufi yake si ngumu sana moja moja, ila imejaa jozi zinazokaribiana, kama yō ni naru na yō ni suru, au koto ni naru na koto ni suru, ambazo tofauti yake ni nani aliyeamua jambo na kama limekuwa lenyewe au limefanywa. Usijifunze kanuni za namna hii moja moja. Zijifunze mbili mbili, ukiandika sentensi moja ambamo ya kwanza inakubalika na ya pili inakataa.

Lugha ya heshima, keigo, huanza kugusiwa chini lakini hupata nguvu kuanzia hapa. Iku, kwenda, huwa irassharu kwa mheshimiwa na mairu kwa mnyenyekevu. Jambo si geni: nasi hatusemi kwamba mzee amekufa, husema amefariki. Tofauti ni kwamba wao wana vitenzi vingi vya namna hiyo na huvitumia hadi dukani, nayo sehemu ya kusikiliza hupenda kuuliza ni nani atakayefanya kazi fulani, huku jibu likiwa limefichwa katika kitenzi cha heshima peke yake.

N2 ni ngazi ya magazeti, maoni na maelezo ya kikazi, na waajiri wengi nchini Japani huitaja kama kiwango wanachotaka kuona kwa kazi za ofisini. Tatizo lake kubwa ni muda. Sehemu ya lugha na kusoma ina dakika 105 kwa maswali yapatayo 70, na msimamizi hatakukumbusha kuhamia kwenye kusoma. Anayetumia zaidi ya dakika 40 kwa msamiati na sarufi atasoma makala za mwisho huku mkono ukitetemeka. N1 inaongeza maneno ya kidhahania, misemo ya kimaandishi isiyosikika mtaani na kanji zinazokaribia orodha ya matumizi ya kawaida, ambayo tangu mwaka 2010 ina kanji 2,136. Kwa ngazi hii sina njia ya mkato ya kupendekeza zaidi ya kusoma kwa wingi, kila siku, mambo ambayo ungeyasoma hata kama mtihani usingekuwapo.

Kanji: kujua maana yake nini

Kwa kuwa hakuna kuandika kwa mkono, kanji hujulikana kwa ajili ya mtihani unapoweza kuisoma ndani ya neno na kuitofautisha na ndugu zake. Kuijua peke yake, kwamba hii ni maisha na ile ni mkono, hakusaidii sana. Kanji 生 husomwa sei katika 学生 (gakusei, mwanafunzi), u katika 生まれる (umareru, kuzaliwa) na i katika 生きる (ikiru, kuishi), na hizo si zote. Jambo hili huwatisha wanaoanza, lakini tazama tunavyoisoma tarakimu 1: tarehe 1 ni mosi, darasa la 1 ni la kwanza, mtu 1 ni mmoja. Alama ni ileile, na maneno yanayoizunguka ndiyo yanayoamua isomwe vipi. Kwa hiyo usikariri orodha ya sauti za kanji. Jifunze maneno mawili au matatu yanayoitumia, na sauti zitakaa zenyewe.

Tenga pia muda wa kanji zinazofanana sura, kama 待つ (matsu, kungoja) na 持つ (motsu, kushika), kwa sababu watunga maswali huziweka pamoja kwa makusudi.

Sikio

Kila mazungumzo katika sehemu ya kusikiliza huchezwa mara moja tu. Katika ngazi zote kuna maswali ya majibu ya haraka, ambamo unasikia sentensi moja kisha majibu matatu, bila ya chochote kuandikwa kwenye karatasi. Anayesitasita kwa neno moja hukosa swali hilo na mara nyingi hukosa linalofuata, kwani bado analifikiria lililopita. Urefu wa irabu nao hupimwa kimyakimya: obasan ni shangazi au mama wa makamo, obaasan ni bibi, na masikio yetu yanaijua tofauti hiyo kwa sababu kufa na kufaa si neno moja. Ugumu wetu uko kwenye konsonanti iliyorudufiwa, kama kite, njoo, na kitte, stempu, ambapo sauti husimama kidogo kabla ya kuendelea.

Dakika 20 kila siku za kusikiliza kitu kifupi kimoja mara nyingi, kwanza bila maandishi, kisha kwa maandishi, kisha tena bila maandishi, zinazidi kwa faida saa tatu za Jumamosi. Mazungumzo ya mtihani yana tabia moja ambayo ukishaizoea utapata alama za bure: mtu wa kwanza hupendekeza jambo, wa pili hulikubali nusu, kisha demo (lakini) au yappari (nimefikiri tena) hutokea na uamuzi hugeuka. Jibu, mara nyingi, liko baada ya neno hilo.

Saa ngapi, na utajuaje kwamba uko tayari

Ukisoma saa moja kwa siku, siku sita kwa wiki, unapata zaidi kidogo ya saa 300 kwa mwaka. Kwa vipimo vya zamani hiyo ni N5 katika miezi sita na N4 katika mwaka, na kwa maneno ni kama matano mapya kwa siku, jambo linalowezekana kabisa. Kwa ngazi za juu mimi huzichukulia zile saa 600 na 900 kama kiwango cha chini mno kwa mtu aliye mbali na Japani, na ningemshauri aongeze nusu yake bila ya kuona haya.

Kujipima kwenyewe kufanyike hivi. Pakua bure maswali rasmi ya mfano kutoka tovuti ya JLPT, ambako kuna seti iliyotolewa mwaka 2012 na nyingine ya mwaka 2018, pamoja na sauti zake. Chagua seti moja, fungia simu chumba kingine, weka saa, na ufanye mtihani mzima kwa kikao kimoja. Kwa N5 muda ni dakika 20 za msamiati, dakika 40 za sarufi na kusoma, na dakika 30 za kusikiliza. Kwa N4 ni 25, 55 na 35. Kwa N3 ni 30, 70 na 40. Ukisha kusahihisha, ligawe kila kosa katika moja ya mafungu matatu: sikujua, nilichanganya, nilichelewa. Fungu la kwanza likiwa kubwa, bado unahitaji maneno na sarufi, na pengine ngazi uliyochagua ni ya juu. La pili likizidi, acha kuongeza maneno mapya kwa mwezi mzima na urudie ya zamani kwa jozi. La tatu likizidi, maarifa unayo tayari, kilichobaki ni mwendo, na mwendo hupatikana kwa kusoma vitu vyepesi kwa wingi. Seti ya pili iweke bila kuifungua hadi wiki tatu kabla ya mtihani.

Chagua ngazi kwa kutazama pia kile unachokitafutia cheti. Anayetaka kwenda kufanya kazi Japani kwa kibali cha ujuzi maalumu, tokutei ginō, kilichoanza Aprili 2019, kwa kawaida anahitaji N4, au mtihani mwingine wa kompyuta uitwao JFT-Basic, na kumtesa kwa N3 si lazima. Katika mfumo wa pointi ambao Japani hutumia kuwapa vibali wataalamu wa kiwango cha juu, N2 huleta pointi 10 na N1 pointi 15. Kuanzia mtihani wa Desemba 2025, karatasi ya matokeo huonyesha pia kiwango cha Ulaya cha lugha, na hapo alama za ziada zina thamani yake: aliyefaulu N2 kwa alama 90 huandikiwa B1, na aliyefikisha 112 huandikiwa B2.

Siku yenyewe, nenda na penseli laini kadhaa na kifutio, na ufike mapema, kwa kuwa anayekosa sehemu moja huhesabiwa kuwa ameanguka mtihani wote hata kama zile nyingine alizifanya vizuri. Wasimamizi hutumia kadi za njano na nyekundu kama marefa wa mpira, na simu inayolia ukumbini huleta nyekundu moja kwa moja. Izime kabisa, kuiweka kwenye mtetemo hakutoshi.

Matokeo ya Desemba hutoka mtandaoni mwishoni mwa Januari. Pamoja na alama utaona herufi A, B au C kwa msamiati na kwa sarufi, na kwa N4 na N5 kwa kusoma pia. A maana yake ni kwamba ulipata asilimia 67 ya majibu au zaidi, B ni kati ya asilimia 34 na 66, na C ni chini ya hapo. Herufi hizo haziamui kama umefaulu, na wengi hawazitazami mara ya pili, lakini ndipo mahali pekee ambapo waandaaji hukuambia ulipata majibu mangapi kwa kweli. Aliyeanguka akiwa na A katika msamiati na C katika sarufi ana kazi tofauti kabisa na aliyeanguka akiwa na B mbili, na anaweza kuianza jioni ileile.